Maana ya historia ya bei za hisa na namna ya kuitumia

Historia ya bei ya hisa ni kumbukumbu ya siku kwa siku ya bei ambazo wanunuzi na wauzaji wa hisa za kampuni fulani walikubaliana sokoni tangu kampuni hiyo iorodheshwe. Kwa Tanzania kumbukumbu hiyo inaanzia Aprili 1998, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua milango likiwa na kampuni moja tu, ile ya gesi ya TOL. Historia ya NMB inaanza Novemba 2008, ya CRDB Juni 2009 na ya Vodacom Tanzania Agosti 2017. Ukiacha zile zilizouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, hisa zilizouzwa kabla ya kampuni kuorodheshwa ziliuzwa kwa makubaliano ya watu wawili, na bei yake haipatikani katika kumbukumbu za soko.

Hapa Dodoma wenye hisa si wachache. Wengi ni watumishi na wastaafu waliojaza fomu kwenye kaunta ya benki wakati hisa zilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, NMB kwa shilingi 600, CRDB kwa shilingi 150, Vodacom kwa shilingi 850, kisha wakaiweka stakabadhi kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Siku hizi bei inaonekana kwenye simu kupitia Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya Soko la Hisa, na katika vikao vya vikoba swali linalosikika zaidi ni hili: tulinunua kwa kiasi gani, na leo ni kiasi gani? Swali ni la haki, lakini tarakimu hizo mbili peke yake haziwezi kulijibu, na anayezitegemea hukosea kwa kuona faida isiyokuwepo au, mara nyingi zaidi, kwa kutoiona iliyokuwepo.

Tuanze na mstari mmoja wa jedwali. Kwa kawaida una tarehe, bei ya kufungua, bei ya juu na ya chini ya siku hiyo, bei ya kufunga, idadi ya hisa zilizouzwa na thamani yake kwa shilingi. Watu husoma bei ya kufunga na kuruka yanayofuata, ilhali katika soko dogo kama letu idadi ya hisa ndiyo inayoipa bei uzito. Chukua kampuni ya mfano: Jumatatu imefunga kwa shilingi 620, hisa zilizouzwa 45, Jumanne imefunga kwa shilingi 560, hisa zilizouzwa 180,000. Bei ya Jumatatu ilitokana na biashara ya shilingi 27,900 tu. Ya Jumanne ilitokana na shilingi milioni 100.8. Mkulima wa Kongwa aliyesimama kwenye soko la mazao la Kibaigwa hawezi kukubali kwamba bei ya gunia la mahindi ni ile aliyolipwa mtu mmoja kwa debe moja barabarani wakati malori yanapakia kwa bei nyingine. Hisa nazo zisomwe kwa jicho hilo.

Kuna pia kampuni ambazo bei yake husimama pale pale kwa wiki au miezi. Msomaji mgeni hudhani huo ni utulivu. Aangalie safu ya idadi: ikiwa imejaa sifuri, kilichotokea ni kwamba hakuna aliyeuza wala kununua, na bei inayoonyeshwa ni ya siku ya mwisho biashara ilipofanyika. Bei ya namna hiyo haimwambii mwenye hisa 20,000 kama anaweza kuziuza kesho kwa kiasi hicho. Vilevile hisa nyingi sana zinapohama kati ya wawekezaji wakubwa kwa makubaliano maalumu, thamani ya mauzo ya siku hupanda ghafla, jambo lisilomaanisha kwamba umma mzima umeikimbilia kampuni hiyo.

Jambo la pili, na ndilo linalowachanganya hata wasomi, ni tofauti kati ya bei ghafi na bei iliyorekebishwa. Bei ghafi ni ile iliyolipwa siku hiyo. Bei iliyorekebishwa ni ile ile baada ya kukokotolewa upya ili iweze kulinganishwa na bei za leo, kwa sababu kampuni ina njia kadhaa za kubadilisha idadi ya hisa zake bila thamani ya biashara yenyewe kubadilika. Mfano ulio wazi ni wa Apple ya Marekani. Tarehe 6 Juni 2014 hisa yake ilifunga kwa takriban dola 645. Mara baada ya hapo kampuni iligawa kila hisa moja kuwa saba, na Agosti 2020 ikagawa tena kila moja kuwa nne, hivyo hisa moja ya zamani ikawa hisa 28. Anayetafuta leo bei ya siku ile ya 2014 kwenye majedwali mengi ataona takriban dola 23. Hakuna aliyelipa dola 23 siku hiyo. Ni 645 iliyogawanywa kwa 28. Kinyume chake, mwenye kutumia bei ghafi atadhani hisa ilianguka kwa robo tatu kati ya Ijumaa na Jumatatu mwishoni mwa Agosti 2020, wakati wenye hisa hawakupoteza kitu siku hizo.

Kwetu tukio linalofanana na hilo ni kampuni kuwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa uwiano wa walizo nazo. CRDB ilifanya hivyo mwaka 2015: hisa moja mpya kwa kila hisa tano, kwa shilingi 350. Tuseme, kwa hesabu tu, hisa ya kampuni inauzwa kwa shilingi 400 kabla ya toleo la uwiano huo. Hisa tano zina thamani ya shilingi 2,000. Ukiongeza moja ya 350 unapata shilingi 2,350 kwa hisa sita, yaani takriban shilingi 392 kwa kila moja. Bei ikishuka kutoka 400 hadi 392 baada ya hapo, kampuni haijaharibikiwa na lolote. Mwanahisa ambaye hakununua sehemu yake, kwa kukosa fedha au kwa kutoliona tangazo gazetini, ndiye aliyepunguziwa fungu. Kwa hiyo anayepakua bei kutoka chanzo chochote aulize kwanza kama zimerekebishwa, na asichanganye bei za vyanzo viwili katika hesabu moja.

Sasa gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake. Kampuni inapotangaza gawio hutaja siku ya kufunga daftari la wanahisa, yaani orodha ya watakaolipwa, na pia siku ya mwisho ya hisa kuuzwa pamoja na gawio; baada ya siku hiyo ya mwisho huuzwa bila gawio. Kuanzia hapo ni kawaida bei kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, kwa kuwa mnunuzi mpya hatalipata. Historia ya bei ghafi huonyesha mshuko huo na kunyamaza kuhusu fedha zilizoingia mfukoni mwa mwanahisa. Hapa ndipo faida nyingi hufichika. Mtu amenunua hisa kwa shilingi 400, na baada ya miaka 4 bei ni 460. Atasema amepata asilimia 15. Lakini katika miaka hiyo alipokea magawio ya shilingi 20, 22, 25 na 28 kwa kila hisa, jumla 95. Kodi ya zuio ya asilimia 5, inayotozwa kwa kampuni zilizoorodheshwa, imeacha shilingi 90.25. Faida yake ni 60 kujumlisha 90.25, sawa na shilingi 150.25 kwa kila 400 aliyotoa, au asilimia 37.6. Ukiisambaza kwa miaka minne, kwa hesabu ya riba juu ya riba, ni kama asilimia 8.3 kwa mwaka, na hiyo ndiyo tarakimu inayofaa kuwekwa kando ya riba ya hati fungani au ya akaunti ya muda maalumu.

Mfumuko wa bei nao una sehemu yake. Ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, kilichonunuliwa kwa shilingi 400 kitahitaji takriban shilingi 468 baada ya miaka minne. Bila gawio, hisa iliyofika 460 imerudi nyuma.

Je, historia hii inatabiri? Kwa maoni yangu, hapana, na michoro yenye mistari ya rangi inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp haistahili imani inayopewa. Soko lenye siku nyingi zisizo na biashara haliwezi kutoa mwelekeo wa kuaminika kwa mchoro. Kinachoweza kupatikana kwa haki ni kipimo cha mtikisiko, yaani bei hupanda na kushuka kwa kiasi gani. Tazama bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ya wiki 52 zilizopita, kisha jiulize kama ungevumilia kuwa na hisa hiyo ilipokuwa chini kabisa huku ada ya mwanao chuoni ikidaiwa. Tarehe za mishuko mikubwa nazo zina faida: zilinganishe na taarifa za fedha za kampuni za kipindi hicho, uone kama bei ilishuka kwa sababu faida ilipungua au kwa sababu mwanahisa mmoja mkubwa alikuwa anatafuta fedha.

Matumizi mengine hayana uhusiano na kununua wala kuuza. Mwenye hisa akifariki, msimamizi wa mirathi hutakiwa kuorodhesha mali mbele ya mahakama na kueleza thamani yake, na stakabadhi iliyoandikwa bei ya 2009 haisemi chochote kuhusu thamani ya siku ya kifo. Namna nzuri ni kutafuta bei ghafi ya kufunga ya tarehe hiyo, si iliyorekebishwa, na kuizidisha kwa idadi ya hisa zilizomo kwenye akaunti ya marehemu kwa mujibu wa taarifa ya dalali wa hisa, maana huenda ziliongezeka tangu stakabadhi ilipotolewa. Tarehe hiyo ikiangukia Jumapili, sikukuu au siku isiyokuwa na biashara, huchukuliwa bei ya kufunga ya siku ya mwisho kabla yake, na tarehe ya bei hiyo huandikwa waziwazi kando ya tarakimu ili warithi wasije kubishana baadaye.