Mkonge hauvumilii ukame kwa mizizi mirefu

Huku Tanga, kuanzia Muheza hadi Korogwe, wengi huamini mkonge haukauki kiangazi kwa sababu mizizi yake imezama hadi kwenye maji. Sivyo. Mizizi ya mkonge hutambaa karibu na uso wa ardhi. Iliyo mingi haifiki hata nusu mita kwenda chini. Siri iko kwenye majani.

Jani lina matundu madogo mno, stomata. Mimea mingi, mahindi yakiwemo, huyafungua mchana ili kuingiza kaboni dioksidi, na hapo hapo mvuke wa maji hutoka kwa wingi. Mkonge huyafungua usiku, hewa ikiwa imepoa, ukaigeuza kaboni dioksidi kuwa asidi na kuihifadhi ndani ya seli. Jua likichomoza hufunga, kisha hutumia akiba ile kutengeneza sukari. Ni mpango wa ajabu kweli, ingawa mkonge hukua polepole.

Mkonge bado unahitaji maji. Ndiyo yanayobeba potasiamu na kalsiamu kutoka udongoni kupitia mirija ya zailemu, yakivutwa juu na mvuke unaotoka majanini. Majani yakivunwa, madini hayo huondoka nayo. Ndiyo maana shamba lisilotiwa mbolea miaka mingi huchoka, mvua inyeshe isinyeshe.