Jino huanza kuoza kabla ya tundu: tafiti zinavyotusaidia kuwahi

Wagonjwa wengi hufika kwa daktari wa meno tundu likiwa limeshafunguka na maumivu yameshawanyima usingizi. Wao huhesabu kwamba ugonjwa umeanza juzi. Kwa kweli una miezi mingi, pengine miaka, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ungeweza kusimamishwa bila sindano wala mashine ya kuchimbia jino. Kipindi hicho cha kimya ndicho kinachotushughulisha sisi watafiti wa kinywa na meno kuliko kitu kingine chochote.

Bakteria walio kwenye ukoga, yaani utando unaoganda juu ya meno, hula sukari na kutoa asidi. pH ya utando huo, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikishuka chini ya takriban 5.5, kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli, gamba gumu la nje la jino. Baadaye mate huipunguza nguvu asidi hiyo na madini hurudi, kazi inayoweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima. Anayeonja kitu kitamu kila baada ya muda mfupi hayapi mate yake nafasi hiyo. Madini yakizidi kutoka kuliko yanayorudi, siku moja gamba huporomoka, na hapo ndipo tundu huonekana.

Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa, lenye weupe wa chaki, mara nyingi karibu na fizi au kwenye vijia vya juu ya magego. Jino likiwa limelowa mate, doa changa halionekani kabisa. Daktari anapolisafisha na kulipuliza hewa kwa sekunde tano hivi, doa hujitokeza, kwa sababu maji yaliyojaa kwenye vitundu vidogo vya enameli yameondoka, hewa imeingia, na mwanga sasa unapita humo kwa namna nyingine. Doa linaloonekana hata jino likiwa na mate limeenda ndani zaidi. ICDAS, mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za kuoza kwa namba, umejengwa juu ya tofauti hiyo: sifuri ni jino zima, 1 ni doa linalosubiri jino likaushwe, 2 linaonekana bila kukaushwa, na huendelea hadi 6, tundu kubwa lililofichua dentini, tabaka lililo chini ya enameli.

Zamani tulifundishwa kuchokoa madoa hayo kwa chuma chenye ncha kali ili kuona kama kitanasa. Tafiti zimeonyesha kwamba ncha hiyo inaweza kuvunja ngozi nyembamba iliyobaki juu ya doa na kugeuza kilichoweza kupona kuwa tundu halisi. Leo inatosha kifaa chenye kichwa cha mviringo, kikipitishwa taratibu bila kukandamiza. Ukimwona daktari anatumia muda mrefu kukausha na kutazama tu, usidhani anachelewesha kazi.

Kati ya jino na jino macho hayafiki, hivyo tunategemea eksirei. Nayo ina mpaka wake: haionyeshi kitu mpaka madini mengi yawe yameshapotea. Ndiyo maana vimebuniwa vifaa vinavyomulika jino kwa leza na kusoma kwa namba namna linavyong'aa. Vinavutia, lakini rangi ya chai, ukoga mgumu au mabaki ya dawa ya kusafishia vinaweza kupandisha namba pasipo ugonjwa wowote. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme tunapima meno 100, kati yake 10 yameanza kuoza. Kifaa kinakamata 9 kati ya hayo 10, na katika 90 mazima kinakosea kwa 9. Kwa maneno, usahihi wa asilimia 90 unasikika mzuri sana. Lakini meno 18 yameitwa mabovu, na nusu yake ni mazima. Anayechimba kwa kufuata namba ya kifaa peke yake atakuwa ameharibu meno 9 yasiyo na kosa, na enameli iliyochimbwa haioti tena. Kwa maoni yangu, kifaa chochote kipya kipimwe kwanza kwa idadi ya meno mazima inayoyanusuru.

Upande wa kinga, ushahidi ulio imara zaidi ni wa floraidi, madini yanayoimarisha enameli. Dawa ya meno yenye floraidi ppm (sehemu kwa kila milioni) 1,000 hadi 1,500, mara mbili kwa siku, ndiyo msingi; mtoto wa chini ya miaka mitatu atosheke na kiasi cha punje ya mchele. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Vanishi ya floraidi, ambayo daktari huipaka kwa brashi ndogo, ilichambuliwa mwaka 2013 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba: kwa wastani ilipunguza kuoza kwa asilimia 43 katika meno ya kudumu na 37 katika meno ya utoto. Vijia vya magego yanayoota mapya vinaweza kuzibwa kwa utomvu maalumu kabla havijaoza. Na kwa tundu lililokwisha kufunguka kwa mtoto mdogo, kuna silva daiamini floraidi, tone la dawa linalosimamisha kuoza bila kuchimba. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Huacha sehemu iliyooza ikiwa nyeusi, na mzazi aambiwe hilo kabla, si baada.

Weusi huo unatupa kazi hata sisi watafiti. Katika jaribio zuri, anayekagua meno hatakiwi kujua nani alipewa dawa ipi, lakini doa jeusi humwambia. Tatizo jingine ni kupaka floraidi upande mmoja wa mdomo na kuacha wa pili kwa kulinganisha: mate huibeba hadi ng'ambo. Kwa hiyo mara nyingi tunagawa watu wenyewe kwa bahati nasibu, wakaguzi wanapimwa kwanza kama wanalisoma doa lilelile sawasawa, kisha tunafuatilia kwa miaka miwili au mitatu, maana kuoza hakuna haraka.

Yapo pia majaribio tunayoyakumbuka kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi zenye kunata katikati ya milo, bila ridhaa yao, mpaka meno yao yakaharibika. Ndipo ilipothibitika kwamba sukari ya kunata, ikiliwa mara kwa mara nje ya mlo, ndiyo hatari zaidi. Tunautumia ujuzi huo kila siku, nao ulipatikana kwa kuwadhulumu watu wasioweza kukataa.

Kwa hiyo ukiombwa wewe au mtoto wako mjiunge na utafiti wa meno, uliza kundi la kulinganisha litapata huduma gani. Lisiachwe bila matunzo ya kawaida. Uliza kamati gani ya maadili imeidhinisha, na nani atatibu tundu likigunduliwa katikati ya utafiti. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida yataendelea palepale.