Ibada ya kambi inaanzia kwenye shimo la choo

Wazazi wakija kanisani kusaini fomu za kambi, swali la kwanza huwa ni nyoka. La pili ni mbu. Katika miaka 12 ya kuwapeleka vijana wa skauti wa usharika wetu porini, hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza mwanawe atajisaidia wapi, wala atanawa na nini. Mimi hilo ndilo huniamsha usiku wiki nzima kabla ya safari.

Nyoka nimewaona mara mbili, na mara zote mbili wao ndio waliokimbia. Kuhara ni habari nyingine. Mwaka wangu wa pili tulipiga kambi ya siku tatu ufukweni, upande wa Kigamboni, Dar es Salaam. Usiku wa Jumamosi, saa nane, nikasikia zipu ya hema ikifunguliwa kwa haraka, ikafuata nyingine, na nyingine. Kulipopambazuka watoto tisa walikuwa wamelegea kama mchicha uliosahauliwa juani. Tulishukuru Mungu, na ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), na dereva mmoja aliyekubali kutubeba alfajiri. Chakula kilikuwa kimeiva vizuri, na maji ya kunywa tulikuwa tumechemsha. Kosa lilikuwa beseni. Nyumbani mtoto hunawishwa kwa jagi, maji yanamiminika na kwenda zake. Pale, kwa haraka ya njaa, niliweka beseni moja katikati, kila mmoja akachovya mikono, kisha wote wakaketi kuzunguka sinia la wali. Mmoja akiwa na mikono michafu, wote wanakula uchafu wake.

Tangu hapo nimeacha kuanza mafunzo ya kambi na mafundo ya kamba. Ninaanza na Kumbukumbu la Torati sura ya 23, mstari wa 12 hadi wa 14. Waisraeli wanaambiwa wawe na mahali nje ya marago, yaani kambi, pa kwenda haja, na kila mtu awe na kitu cha kuchimbia pamoja na silaha zake; akimaliza, afukie. Sababu inatolewa palepale: Bwana Mungu wao anatembea katikati ya marago, kwa hiyo lazima yawe matakatifu. Vijana hucheka wakisikia mara ya kwanza. Binti mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, kwani Mungu anaangalia hadi choo?" Nikamwambia anaangalia, maana anampenda atakayepita pale baada yako.

Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, naye alilijua hili kwa njia ya uchungu. Alikuwa mwanajeshi katika vita vya Makaburu Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, ambako askari wa Uingereza waliouawa na maradhi, hasa homa ya matumbo, walikuwa wengi kuliko waliouawa vitani. Alipokusanya wavulana kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 kwa kambi ya kwanza ya majaribio, alikuwa mtu aliyeona makambi machafu yanafanya nini.

Siku hizi tunakwenda zaidi upande wa Pugu na Kisarawe. Ukishashuka Gongo la Mboto na kupanda gari la pili, hewa inabadilika kabla hujafika kileleni, na watoto wa Buguruni ambao hawajawahi kulala mahali pasipo na muziki wa jirani wanaanza kunong'ona bila kuambiwa. Ndani ya msitu wa hifadhi hatuchimbi kitu. Tunaingia kwa kibali, tunatembea, tunatoka. Mahema tunayapiga kwenye shamba la muumini mmoja nje ya msitu, na huko ndiko koleo linakofanya kazi.

Kwa vijana 24 tunachimba mitaro miwili, mmoja wa wavulana na mmoja wa wasichana, kila mmoja upana sentimita 30, urefu 90, kina 60. Tunapachagua chini ya mteremko, mbali na kisima, si chini ya mita 30 kutoka maji yoyote. Halafu tunauliza upepo. Juni hadi Agosti, msimu tunaoupenda kwa sababu masika yamekwisha na ardhi imekauka, upepo ni wa kusi, unaotoka kusini. Basi choo kinakaa kaskazini ya mahema. Tukienda Januari, wakati wa kaskazi, tunageuza. Kuzunguka mtaro tunafunga turubai, na upande wa wasichana kuna ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya pedi, jambo ambalo viongozi wa kiume tulichelewa mno kulifikiria. Anayetoka anamwaga koleo moja la udongo na kopo la majivu.

Maji nayo yana hesabu yake. Kunywa, kupika, kunawa na kuoga kwa kubana, natenga lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Vijana 24 ni lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20, kila siku. Kiongozi asiyejua madumu hayo yatatoka wapi asitangaze kambi.

Na mahali pa beseni pamechukuliwa na kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, pasha msumari moto, toboa tundu moja karibu na mdomo. Pitisha fimbo kwenye mpini wa dumu, ilaze juu ya panda mbili zilizosimikwa ardhini. Funga kamba shingoni mwa dumu, ncha ya pili ifunge kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia linasimama. Mikono haigusi chochote ila sabuni, ambayo tunaitoboa katikati na kuining'iniza kwa kamba ili isilale kwenye mchanga. Kila kikosi kinajenga chake kabla ya kupiga hema, na wimbo wa kuombea chakula hauanzi mpaka mikono yote iwe inadondosha maji.

Safari iliyopita, Jumapili asubuhi, zamu ya kufukia ilimwangukia yule binti wa kidato cha pili, sasa kiongozi wa kikosi. Siku ya kuchimba alikuwa ameyakata mabonge ya nyasi ya juu kwa uangalifu na kuyaweka kivulini. Alijaza mtaro, akashindilia kwa miguu, akarudisha bonge moja moja kama anayepanga vigae, kisha akayamwagia maji yaliyobaki kwenye dumu la mwisho. Akanawa. Ndipo akapiga filimbi ya ibada.