Je, wajua? Wimbo wa kijiko cha sukari ulitokana na chanjo ya polio

Filamu ya Mary Poppins ilitoka mwaka 1964, na mpaka leo kuna watoto wanaouimba wimbo wake wa kijiko cha sukari bila kujua ulikotoka. Ndani yake yaya wa ajabu anawafundisha watoto wawili kwamba kijiko kimoja cha sukari ndicho kinachoifanya dawa ishuke kooni. Maneno hayo hayamo katika kitabu cha P. L. Travers kilichozaa filamu hiyo. Kitabuni mna chupa ya dawa ambayo kila anayeinywa huonja ladha yake, lakini sukari hamna. Sukari ililetwa na mtoto wa shule aliyekuwa ametoka kupata chanjo ya polio.

Waliouandika wimbo huo ni ndugu wawili Wamarekani, Robert na Richard Sherman. Mwaka 1998 walitoa pamoja kitabu cha maisha yao kiitwacho Walt's Time. Robert alifariki London mwaka 2012, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake peke yake, Moose. Mimi ni mpenzi mkubwa wa tawasifu za watunzi wa nyimbo za filamu, kwa sababu mtunzi wa namna hii kazi yake huzunguka dunia nzima na yeye mwenyewe asijulikane hata mtaa wa pili. Wimbo wa sukari watu huuita wimbo wa Julie Andrews, aliyeuimba. Hata katika taarab mambo ndiyo hayohayo: mwimbaji hutunzwa noti jukwaani, na mshairi aliyepanga vina wanaomuulizia ni wachache.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ndugu hao walikuwa wamemwandalia Julie Andrews wimbo wa taratibu, wa kimahaba. Ulikuwa mzuri, ila haukumkaa. Aliona haumfai yaya mwenye msimamo na mkono mwepesi wa kazi. Walt Disney, mwenye studio, akawataka watafute kitu kilichochangamka zaidi, kitakachobeba falsafa nzima ya Mary Poppins. Robert, ambaye ndiye aliyeelemea zaidi upande wa maneno, akahangaika na agizo hilo bila mafanikio. Akarudi nyumbani. Mwanawe Jeffrey akamwambia kwamba siku hiyo shuleni wamechanjwa polio. Baba akafikiria sindano, akamuuliza kama iliuma. Mtoto akajibu kwamba haikuuma hata kidogo: wametiwa dawa juu ya kipande cha sukari, wakakila.

Kesho yake Robert alikwenda kazini na mstari wake mkononi.

Ili kuona uzito wa jibu la mtoto yule, kumbuka polio ilikuwa nini kwa wazazi wa Marekani wa wakati ule. Mwaka 1952 pekee nchi hiyo ilipata wagonjwa karibu 58,000. Watoto walipooza miguu, wengine wakalazwa ndani ya mashine kubwa za chuma zilizowasaidia kupumua. Chanjo ya kwanza, ya Jonas Salk, ilianza kutumika mwaka 1955, nayo ilikuwa ya sindano. Ile ya Albert Sabin, ya kumeza, ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1960, na njia rahisi ya kumpa mtoto ilikuwa kuidondoshea kwenye sukari. Ni jamaa ya matone yaleyale ambayo huku kwetu wahudumu wa afya huyapitisha nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni, matone mawili mdomoni kisha kidole kinapakwa wino. Kwa hiyo Robert hakusikia tu kichekesho cha mtoto. Alisikia jambo lililokuwa likiwatisha wazazi wa nchi nzima likisimuliwa na mwanawe kama mtu aliyepewa pipi.

Sasa tazama walichofanya na mstari huo, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Wimbo wa filamu una kazi ya kufanya. Usipoisogeza hadithi, au usipotuonyesha mhusika ni mtu wa aina gani, mkata filamu atautupa hata ukiwa mtamu vipi. Wimbo huu umewekwa pale watoto wanapotakiwa kupanga chumba chao kilichovurugika. Ubeti unaanza na hoja: katika kila kazi inayopasa kufanywa kuna chembe ya raha, ukiipata tu kazi inageuka mchezo. Ndipo kiitikio kinapoleta sukari na dawa kuwa ushahidi. Wakati yaya anaimba, vitu vinajipanga vyenyewe, na kufikia mwisho tumeshamjua: mkali, nadhifu, na ana siri ya kufurahia kazi. Zile dakika chache zimefanya kazi ambayo mazungumzo matupu yangeifanya kwa kurasa nyingi.

Mahadhi nayo yana ujanja wake. Maneno yanasema dawa inashuka, na mtunzi mvivu angeshusha sauti pale pale penye neno la kushuka. Richard aliipandisha. Sikiliza tena mwisho wa mstari wa kwanza wa kiitikio: sauti inaruka juu badala ya kwenda chini, na ule mruko ndio unaokufanya utabasamu bila kujua sababu. Dawa inashuka huku moyo unapanda. Mwendo wake ni wa kuandamana, wa kupiga miguu chini, kwa hiyo hata anayefagia au kukunja nguo anajikuta anaufuata.

Wazo la mtoto lilipata pa kukaa kwa sababu kazi kubwa ya hadithi ilikuwa imeshaanza kitambo. Watu wengi hudhani filamu ya nyimbo huandikwa kwanza, kisha watunzi huitwa kujaza mapengo. Kwa Mary Poppins mambo hayakwenda hivyo. Disney aliwapa ndugu hao kitabu cha Travers waende wakakisome, na kitabu chenyewe hakina hadithi moja ndefu. Ni visa mbalimbali, yaya anakuja, mambo ya ajabu yanatokea, yaya anaondoka. Walirudi wakiwa wamechagua sura 6 walizoona zinaweza kubeba hadithi. Disney akatoa nakala yake mwenyewe: alikuwa amezipigia mstari sura zilezile 6.

Wao pia ndio waliopendekeza hadithi irudishwe nyuma hadi mwaka 1910, ingawa kitabu kinahusu London ya miaka ya 1930. Sababu yao ilikuwa ya kimuziki. Mwanzoni mwa karne ile kumbi za burudani za Uingereza zilikuwa na mtindo wake wa nyimbo, wenye mzaha na kiitikio cha kuimbwa na ukumbi mzima, na huo ndio waliotaka kuutumia. Napenda jambo hili kuliko mengine yote katika kisa chao: majira ya hadithi nzima, mavazi, magari na mitaa, yalibadilishwa ili yafuate nyimbo.

Wimbo wa mfagia mabomba ya moshi ulianza kwenye mchoro wa Don DaGradi, msanii wa studio, aliyekuwa amemchora mwanamume akipita na mafagio begani. Walipouona mchoro wakauliza, wakaelezwa kwamba Uingereza kumshika mkono mfagia bomba huaminiwa kuleta bahati, basi wakaondoka na wimbo. Ulipata Oscar ya wimbo bora mwaka 1965, na siku hiyohiyo wakapata nyingine kwa muziki wa filamu nzima. Wimbo wa bibi anayeuza chakula cha ndege kwa peni mbili kwenye ngazi za kanisa ndio uliompendeza Disney kupita zote. Alikuwa na kawaida ya kuwaita ofisini kwake Ijumaa jioni wampigie kwenye piano, hadi alipofariki Desemba 1966.

Ndugu hawa hawakuanza maisha wakitaka kuandika nyimbo za watoto. Baba yao, Al Sherman, alikuwa mtunzi wa nyimbo zilizouzwa sana New York kabla ya vita. Walipomaliza chuo walipanga nyumba moja: Robert akitaka kuandika riwaya kubwa ya Kimarekani, Richard akitaka kutunga simfoni. Fedha hazikuwepo. Siku moja baba aliwatembelea, akaiona hali yao, akawapiga changamoto: hamwezi ninyi wawili kuunganisha akili mkaandika wimbo mmoja ambao kijana atatoa hela yake ya chakula cha mchana kuununua. Waliweza. Wimbo wao wa mwanzo kabisa kurekodiwa uliimbwa na Gene Autry mwaka 1951, na mwaka 1959 wimbo wao ulioimbwa na msichana wa Disney, Annette Funicello, ukapata umaarufu nchini kote. Huo ndio uliowafungulia mlango wa studio.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna orodha ya majina mwishoni mwa filamu itakayokueleza. Robert alijiunga na jeshi akiwa na miaka 17. Alipigana Ulaya, akapigwa risasi gotini, na kuanzia hapo alitembea na mkongojo maisha yake yote. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa askari wa kwanza wa Marekani kuingia Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, naye ni kijana wa Kiyahudi ambaye hata miaka 20 alikuwa hajatimiza. Ukishajua hilo, husikilizi tena wimbo wa sukari kwa sikio lilelile. Aliyeandika kwamba dawa chungu inaweza kupitishwa kwa utamu kidogo alikuwa anaijua dawa chungu. Sidai kwamba wimbo unahusu vita; hauhusu. Nasema uchangamfu wake haukutoka kwa mtu ambaye maisha yalimpitia mbali.

Wala undugu wenyewe haukuwa laini. Walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya nusu karne, wakashirikiana kila jina na kila tuzo, lakini nje ya chumba cha piano walitengana kiasi kwamba watoto wao walikua karibu bila kujuana. Watoto hao wawili, Jeffrey yuleyule wa chanjo na binamu yake Gregory, ndio waliokuja kutengeneza filamu ya hali halisi juu ya baba zao, iliyotoka mwaka 2009. Hapo ndipo unapoona kwa nini vinahitajika vitabu viwili. Cha mwaka 1998 ni cha Ndugu wa Sherman, jina ambalo dunia inalijua. Moose ni cha Robert, sura za maisha yake kwa sauti yake.

Na kwa anayetaka kutunga, katika maisha yao mna funzo moja la kazi ambalo halihitaji kipaji: hawakutupa kitu. Wimbo mmoja kuhusu raha za chini ya bahari waliutunga kwa ajili ya Mary Poppins, ukakosa nafasi. Wakauweka. Mwaka 1971 ukatokea katika filamu nyingine ya studio hiyohiyo, Bedknobs and Broomsticks, ambamo wahusika wanashuka kweli chini ya maji, na watazamaji wakaupokea kana kwamba ulitungwa kwa ajili ya pale.