Mpira Haubebi Teke: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kani, Mwendo na Nishati

Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja lililobebeshwa mizigo mitatu: nguvu. Hamali ana nguvu, betri imeisha nguvu, injini hii ina nguvu kuliko ile. Sokoni hakuna anayepotea. Darasani mtoto hupotea, kwa sababu fizikia huyatenganisha mambo hayo. Kani ni msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine, na hupimwa kwa nyutoni. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na hupimwa kwa juli. Kisha kuna upesi wa kuitumia nishati hiyo, yaani zile wati zilizoandikwa kwenye balbu: wati 1 ni juli 1 kila sekunde.

Mpe mtoto kitunguu cha gramu 100 akishike kiganjani. Mkono wake unakihimili kwa kani ya karibu nyutoni 1. Akikiinua mita 1 juu, amekiongezea karibu juli 1 ya nishati. Akishaviona viwili hivyo kwa mkono wake mwenyewe, mengi yanayofuata yatakuwa mepesi.

Dhana: Mpira unaendelea kwenda kwa sababu bado una nguvu ya teke

Hii ndiyo mama ya dhana nyingine zote, na inafaa kutumia muda mrefu kwayo. Mtoto anaamini kwamba mguu umetia kitu ndani ya mpira, na kitu hicho kikiisha mpira husimama. Si kwamba hana akili, ndivyo anavyoona. Mkokoteni usiposukumwa husimama. Aristotle mwenyewe, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba hakuna kinachokwenda bila msukumaji, na wasomi wengi wakamfuata kwa karne nyingi, mpaka zikaja kazi za Galileo na kitabu cha Newton cha mwaka 1687.

Ukweli ni kwamba kani haiwekwi akiba ndani ya kitu. Huwepo kati ya vitu viwili wakati vinasukumana au kuvutana tu. Mguu ukiachana na mpira, kani ya mguu imekwisha papo hapo. Mpira unabaki na mwendo, na mwendo hauhitaji kulishwa. Kinachohitaji kani ni kuubadilisha: kuuanzisha, kuuzidisha, kuupunguza au kuupinda. Mpira unasimama kwa kuwa nyasi na hewa vinausukuma kinyume. Msuguano huo hauonekani, na ndio unaowadanganya watoto.

Mombasa haikosi kifaa cha kuufichua: ubao wa keram. Ufute mpaka usibaki na poda. Usipige kete kwa kidole, maana kidole hakipigi sawa mara mbili. Funga mpira wa kufungia pesa kati ya misumari miwili kwenye kipande cha mbao, uvute sentimita 5 kila mara, uachie. Pima umbali kete ilioteleza, rudia mara 5, tafuta wastani. Sasa nyunyiza poda kidogo, uisambaze kwa kiganja, urudie. Kete itakwenda mbali zaidi sana, pengine igonge ukingo wa pili na kurudi. Msukumo haukuongezwa hata chembe. Kilichopungua ni msuguano. Jaribio hili huharibika poda ikizidi: hujikusanya mbele ya kete kama mchanga na kuizuia, na mtoto akatoka na jibu la kinyume. Poda iwe nyembamba kiasi cha kuona mistari ya ubao.

Kisha muulize: tungeondoa msuguano wote, kete ingesimama wapi? Mwache anyamaze na swali hilo. Jibu ni kwamba isingesimama.

Rudi kwenye mkokoteni. Hamali akiusukuma kwenye barabara tambarare kwa mwendo usiobadilika, kani yake ni sawasawa na msuguano unaomrudisha nyuma. Watu wengi, hata wazima, watakuambia lazima kani yake izidi. Ingezidi, mkokoteni ungeendelea kuongeza mwendo. Anahitaji kuzidisha pale mwanzo tu, ndiyo maana kuung'oa ni kazi kubwa kuliko kuuendesha.

Mwendo usiolishwa unaonekana vizuri pia ndani ya treni ya Mombasa kwenda Nairobi. Inapokwenda kilomita 108 kwa saa, hiyo ni mita 30 kila sekunde. Mtoto aliyeketi akirusha sarafu juu sentimita 30, itakaa hewani karibu nusu sekunde, na kwa muda huo treni imesogea mita 15. Sarafu haitamwangukia abiria wa nyuma. Itarudi kiganjani, kwa sababu ilikuwa inakwenda na treni kabla ya kurushwa na hakuna kilichouondoa mwendo huo. Usijaribu dirisha likiwa wazi wala treni inapofunga breki.

Dhana: Kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi

Chukua chupa mbili sawa za nusu lita, moja ijae maji, nyingine iwe na robo tu. Zilaze kwenye ubao mmoja, uinue kimo cha mita 2, uinamishe ubao kwa ghafla. Chini weka sinia la bati lililofunikwa, kwa maana sikio hupima vizuri kuliko jicho hapa. Mtasikia kishindo kimoja, baada ya sekunde 0.64 hivi. Kuachia kwa mikono miwili ndiko kunakoharibu: mkono wenye kitu kizito huchelewa au kuwahi kufunguka, na tofauti hiyo huonekana kama ya uzito.

Dunia huivuta chupa nzito kwa kani kubwa zaidi, hilo ni kweli. Lakini chupa nzito ni ngumu zaidi kuitia mwendo, kwa kiasi kilekile. Mambo hayo mawili hulingana. Karatasi huchelewa kwa sababu ya hewa tu: ifinyange iwe kidonge, itafika na chupa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, pasipo hewa, vikafika pamoja.

Tahadhari moja ambayo mtoto wa Pwani lazima aisikie. Kufika pamoja si kuumiza sawa. Nazi ya kilo 1.5 ikianguka kutoka mnazi wa mita 20 hufika ardhini na karibu juli 294, kwa mwendo unaokaribia kilomita 70 kwa saa. Kidaka kidogo, yaani nazi changa, kikianguka nayo kina mwendo karibu uleule, nishati yake ni sehemu ndogo sana. Chini ya mnazi wenye nazi kavu si pa kuchezea.

Dhana: Angani hakuna mvutano wa Dunia

Wanaanga wanaelea, kwa hiyo mtoto anahitimisha kwamba mvutano umeishia njiani. Kituo cha Kimataifa cha Anga kipo kimo cha kilomita 400 hivi, karibu zaidi kuliko Nairobi ilivyo kutoka Mombasa kwa barabara. Mvutano hapo bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa hapa ufukweni. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, huku wakienda mbele kilomita 7.7 kila sekunde, kwa hiyo ardhi hujipinda chini yao kabla hawajaifikia. Kwa mwendo huo Mombasa hadi Nairobi ni dakika moja.

Anayetaka ushahidi wa mvutano unaofika mbali, aende Mama Ngina atazame bahari. Mwezi uko kilomita 384,000 kutoka hapa na bado ndio hasa unaojaza na kupwesha maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Jua nalo huvuta kwenye mstari mmoja naye, tukapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Mvutano hupungua kwa umbali, haukatiki.

Pwani yetu ina sehemu katika habari hii. Satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mwaka 1979 ikashuka na kuungua. Hata kule juu kuna hewa, nyembamba mno, na miaka ya kuisugua ilitosha kuupunguza mwendo wake. Ni msuguano uleule wa ubao wa keram.

Dhana: Kitu kilichotulia hakina kani yoyote juu yake

Boflo (mkate) juu ya meza linavutwa chini na Dunia na kusukumwa juu na meza, sawa kwa sawa. Mtoto hakubali kwamba meza inasukuma, kwa sababu haioni ikijitahidi. Weka rula ndefu kati ya viti viwili, uiwekee kitabu katikati. Itapinda, na kule kupinda ndiko kunakosukuma kitabu juu. Meza nayo hupinda, kwa kiasi kisichoonekana.

Dhana: Kikubwa kikigongana na kidogo, kikubwa ndicho kinachosukuma zaidi

Lori na tuktuk vikigongana, kila kimoja humpiga mwenzake kwa kani ileile. Tuktuk huumia zaidi kwa kuwa ni nyepesi, na kani hiyo hiyo huubadilisha mwendo wake mara nyingi zaidi. Mfano mpole zaidi ni mtumbwi. Mtoto wa kilo 30 akiruka kwenda gatini kutoka mtumbwi wa kilo 60 uliotulia, kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, mtumbwi utarudi nyuma kwa karibu mita 1 kwa sekunde. Alikadiria umbali akiwa amesimama, akasahau kwamba mguu wake unausukuma mtumbwi wakati uleule unaomrusha yeye. Ndivyo watu wanavyotumbukia kati ya chombo na gati. Chombo kifungwe kwanza, ndipo watu washuke.

Dhana: Kapi hupunguza kazi

Mabaharia wa majahazi huinua foromali zito (mti wa kufungia tanga), na tanga lake, kwa henza (kamba ya kupandishia) inayopita kwenye gofia, ambayo ni kapi ya jahazi. Watoto husema gofia imewaongezea nguvu. Hapa ndipo ile tofauti ya majina inapolipa: imepunguza kani, haikupunguza nishati. Mzigo wa kilo 80 una uzito wa karibu nyutoni 784. Kamba ikiubeba kwa sehemu 4, mvutaji anahitaji nyutoni 196, lakini kwa kila mita 1 ya kuinua atavuta mita 4 za kamba. Kwa kweli atavuta kwa zaidi ya nyutoni 196, kwa sababu kapi nazo zina msuguano.

Nyumbani, fagio mbili za mpini laini na mita 5 za kamba ya nailoni zinatosha. Funga ncha kwenye mpini mmoja, ivushe kamba kati ya mipini mara 4. Watoto wawili wakubwa wazuie mipini isikaribiane, mdogo avute ncha iliyobaki. Atawashinda. Mipini ikikaribiana sentimita 20, yeye amevuta kamba karibu sentimita 80; mpime wote mhakikishe. Kamba ya katani haifai, inakwaruza mpini na kula sehemu kubwa ya kani. Vidole vikae mbali na mizunguko.

Na hamali aliyesimama tu na gunia begani? Kifizikia hafanyi kazi yoyote juu ya gunia, kwa kuwa halipandi. Anachoka kweli: misuli yake hutumia nishati ya chakula kujikaza, ikatoka kama joto na jasho. Gunia lenyewe halikuongezewa hata juli moja.

Dhana: Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama ni mara mbili

Ni mara nne. Tandaza doti ya leso ambayo bado haijakatwa, bila mikunjo, uweke mwanzoni ubao wa sentimita 60. Inua ncha ya ubao sentimita 5, achia gari la kuchezea, pima lilipoishia kwenye leso. Kisha inua sentimita 20. Kimo mara nne hutoa mwendo mara mbili, na gari litakwenda mara nne hivi, mara nyingine tano. Hiyo ziada hutokana na ubao wenyewe: msuguano wake hula kiasi kilekile mara zote mbili, na kwa kimo kidogo kiasi hicho ni hasara kubwa.

Gari la kweli lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, likiwa kilomita 25 kwa saa husimama kwa karibu mita 3.5 tangu breki ishike. Kwa kilomita 50, karibu mita 14. Ongeza mita 14 nyingine dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga. Mtoto anayevuka barabara akadirie kwa hesabu hiyo.

Dhana: Nishati huisha, na feni hupoza chumba

Nishati haiishi, hubadilika sura. Mtambo wa Kipevu huchoma mafuta mazito, joto likaendesha injini, injini ikazungusha jenereta, stima ikafika nyumbani na kuzungusha feni. Feni husukuma hewa, hewa hujisugua kwenye kuta na viti, na mwisho wa safari ni joto lilelile chumbani. Feni ya wati 60 inaingiza juli 60 kila sekunde.

Basi mbona tunaburudika? Upepo hukausha jasho, na jasho likikauka huondoa joto mwilini. Chumba hakikupoa. Funga chumba kisicho na mtu, ning'iniza kipimajoto, washa feni saa nzima: hakitashuka, pengine kitapanda kidogo. Sasa zungushia ncha ya kipimajoto kitambaa chenye maji na ukiweke mbele ya feni ileile. Ndani ya dakika chache kitashuka nyuzi kadhaa, kidogo tu siku ambazo hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, kwa sababu maji hukauka polepole kwenye hewa iliyokwisha kushiba.