Naitreti haitoki kwa kuchemsha maji

Kila nikienda mitaani kutoa elimu ya maji lazima mama mmoja aniulize, "mtaalamu, si tunachemsha?" Chemsha mama, endelea kuchemsha, vijidudu vya kipindupindu na taifodi vinakufa palepale jikoni. Ila naitreti, kemikali yenye naitrojeni ambayo ndo chakula cha mimea kwenye mbolea, haina uhai useme itakufa, imeyeyuka kwenye maji kama chumvi ilivyoyeyuka kwenye mchuzi, na ukichemsha muda mrefu maji ndo yanapungua yenyewe inabaki, kwa hiyo kikombe chako kinakuwa na nyingi kuliko mwanzo. Haina rangi wala harufu.

Sasa inatoka wapi? Masika iliyopita nilikuwa bonde la mto Msimbazi hapa Dar es Salaam kwenye bustani za mchicha, kijana mmoja kabeba ndoo ya urea anachota kiganja anarusha zile punje nyeupe kama mtu anayelisha kuku, na wingu jeusi limeshatanda upande wa Pugu. Tuta la mwisho liko hatua tano tu toka mtoni. Nikamuuliza mdogo wangu mbona unaweka leo, akasema mvua itanisaidia kuyeyusha, sitahangaika kumwagilia. Haikupita saa moja ikashuka mvua ya maana, maji yakakusanyika kwenye mitaro kati ya matuta yakaenda zake mtoni, na nusu ya ile kazi yake yakaenda nayo.

Na hiyo ndo sehemu inayoonekana. Urea inayobaki ardhini inageuka amonia, alafu bakteria wa kwenye udongo wanaigeuza naitreti ndani ya wiki moja mbili hivi. Mmea unaipenda sana naitreti, shida ni kwamba udongo hauwezi kuishika, mmea usipoiwahi mvua inaizamisha chini mpaka kwenye maji ya visima. Pale pembeni kulikuwa na kisima kifupi cha kumwagilia, nikachovya kikaratasi cha kupimia naitreti, kwanza cheupe, baada ya kama dakika moja kikawa pinki, pinki iliyokolea, maana yake naitreti ni nyingi. Kijana akakishika akakiangalia weee, akaniuliza hii ni mbolea yangu? Nikamwambia yako, na ya jirani, na ya vyoo vya huko juu, maana vyoo vya shimo navyo vinachangia sana hapa mjini. Mfuko wa urea wa kilo 50 ndani una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo kile kikaratasi kilikuwa kinamwonyesha hela yake inavyopotea.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Wa kuogopewa zaidi ni mtoto chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima, kwa sababu naitreti inaharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni, midomo na kucha zinageuka rangi ya bluu, na ukiona hivo ni hospitali moja kwa moja usisubiri asubuhi. Maziwa ya mama ni salama, mnyonyeshe.

Msimbazi tunauona kila siku, lakini maji mengi ya bomba ya Dar yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Kule Mgeta watu wanalima kabichi, karoti na njegere kwenye miteremko mikali, mto Ngerengere nao unapita Morogoro mjini kabla ya kuungana na Ruvu, yaani mkulima wa kule na mama wa mtaa wa Kigogo hapa Dar wanachota mto mmoja na hawajawahi kuonana. Mitambo ya kawaida ya kusafisha maji haina dawa ya hili, shabu inashusha tope, klorini inaua vijidudu, naitreti inapita tu. Huko Iowa, Marekani, wanakolima mahindi na soya kwa wingi, mji wa Des Moines ulilazimika kujenga mtambo maalumu wa kuitoa miaka ya mwanzo ya 1990, ni gharama kubwa, na bado Juni 2025 wananchi walikatazwa kumwagilia nyasi za majumbani ili mtambo uweze kuhimili. Sisi tuna nafasi ya kuizuia huku shambani, tusiipoteze.

Cha kwanza ni muda. Usiweke mbolea mvua kubwa inakuja, na usiimwage yote kwa mkupuo, gawa mara mbili au tatu kadiri mmea unavyokua. Kwa mahindi wengi mnajua kipimo cha kisoda, chimba pembeni ya shina, weka, fukia, hapo hata mvua ikinyesha haiikuti juu ya ardhi. Na mbolea ya kuku jamani nayo ni kali, watu wanairundika kando ya mto wakidhani ya asili haina madhara.

Cha pili, na mimi naking'ang'ania hiki, ni ukingo wa mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imetaja mita 60 toka mtoni za kuachwa bila kuharibiwa, najua mabondeni kwetu wengi wako ndani ya hapo na hawana pengine pa kulima, lakini hata kipande chembamba cha matete au majani ya vetiva kinapunguza kasi ya maji na mizizi yake inakula ile naitreti. Na ule udongo wa majimaji ambao watu wanakimbilia kuufukia kwa kifusi una kazi kubwa, bakteria wanaoishi humo bila hewa wanaigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayopaa hewani bila kumdhuru mtu.

Yule kijana nilirudi kumtembelea. Matuta mawili ya mwisho kaacha yaote matete, anayakata anawauzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mbolea sa hivi anaweka jioni kidogo kidogo kisha anamwagilia kwa keni. Tumekubaliana masika ijayo tuchovye tena kikaratasi kwenye kilekile kisima.