Mafuta ya taa hulizamisha doa la oili

Ingia karibu gereji yoyote utaambiwa hivi: oili ikimwagika kwenye sakafu ya zege, mwagia mafuta ya taa au petroli, sugua, doa litatoka. Ushauri huu umerithiwa fundi kwa fundi, na unaaminika kwa sababu doa hupauka pale pale, mbele ya macho yako. Rudi kesho uangalie. Utakuta duara la kijivu, pana kuliko la jana, ukingo wake umefifia.

Zege lina vitundu vidogo mno, nalo hunywa kama sifongo. Oili ya injini ni nzito, huzama polepole. Ukiimwagia petroli unaifanya nyepesi, inateremka na kusambaa. Petroli ikishapaa, oili inabaki kule kule chini. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, na cheche moja ya kuchomelea inatosha kuuwasha. Hapo simung'unyi maneno, watu huungua.

Oili ikiwa mbichi, usianze kusugua. Ifunike kwa unga wa mbao mkavu, uache hadi kesho yake, kisha uzoe wote, usiutupe mferejini. Nyunyiza sabuni ya unga, ongeza maji ya moto kidogo tu iwe uji mzito, subiri nusu saa, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni, suuza. Rudia. Doa la miaka mingi huenda likaacha kivuli hata baada ya raundi tatu.